Kisu cha Kumchunia Pongo

Kisu kiliteleza mara moja tu, na hiyo moja ilitosha.

Erasmo alikuwa amepiga magoti kando ya pongo dume, mnyama wa jamii ya swala, aliyemwangusha kwa bunduki dakika chache zilizopita, ameshika mpini kwa mikono miwili kama anayepasua kuni. Mvua ilikuwa imeanza. Ncha ilitoboa ngozi ya tumbo, ikagonga ubavu, mpini ukamchoropoka, na bapa likamwingia pajani, juu kidogo ya goti. Hakusikia maumivu. Alisikia joto likimtiririka mguuni, akashangaa mvua ya Desemba kuwa na joto.

"Lala chini, shemeji! Mguu uweke juu ya mnyama!"

Huyo alikuwa Scolastika, dada mkubwa wa mkewe, muuza nyama wa Mbuji. Alikuja kwenye mawindo haya kwa sababu katika ukoo mzima hakuna aliyejua kumpasua mnyama kama yeye, na nyama ya Noeli haifai kuharibiwa. Alivua kitenge cha juu, akakichana, akafunga paja kwa nguvu mpaka Erasmo akapiga kelele.

"Sasa umesikia," alisema. "Vizuri."

Kisu chenyewe kililala kwenye majani kikimetameta. Erasmo alikinunua Mbinga mjini wiki iliyopita, akakichagua kama mkulima yeyote wa kahawa angekichagua. Ukikaa miaka arobaini kwenye mteremko, unachimba mashimo ya ngolo ya kulimia na kupogoa mibuni, unaamini kwamba chuma kizuri ni kirefu na kizito. Alikijaribu kwenye tawi nyuma ya duka, tawi likaanguka kwa pigo moja, na watu wakampongeza. Kilikuwa na meno mgongoni. Mpini wake ulikuwa mweusi, laini kama chupa, na hapo dukani hakuna aliyefikiria utashikikaje ukilowa damu na mafuta.

Walikuwa juu ya kiduta, kilima kidogo, mto Ruhuhu upande mmoja na tawi lake dogo upande wa pili. Asubuhi walilivuka hilo tawi maji yakiwa magotini. Jastini, askari wa wanyamapori aliyewasindikiza kama kibali kinavyotaka, alikuwa amerudi ng'ambo kusogeza pikipiki mara tu risasi ilipolia.

Kwanza walisikia mngurumo wa chini kwa chini, kifua kikatetemeka. Kisha mto ukaja. Mvua iliyonyesha milimani usiku kucha ilifika yote kwa pamoja, maji mekundu mazito yaliyobeba vichaka, povu, na mti mzima na mizizi yake. Juu ya mti alikaa nyani, kimya, amekunja mikono kama abiria aliyekwisha kulipa nauli. Alipita mbele yao akiwatazama. Erasmo alisahau mguu. Hakuwahi kujua kwamba maji yanaweza kuwa makubwa kiasi kile, na akaona aibu kwamba siku zote aliuita ule mto jina lake tu, bila heshima yoyote.

Ng'ambo, Jastini alikuwa anapunga mikono. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, wala neno halikufika. Simu haikuwa na mtandao.

Scolastika alichomeka kijiti kwenye ukingo wa maji. Kabla hajamaliza kukaza kitenge kilichokuwa kimelowa damu, kijiti kilikuwa kimezama.

"Kiduta hiki hakifiki jioni," alisema. "Unajua kuogelea?"

"Mimi? Nimezaliwa Mkumbi, mlimani, shemeji."

"Na mimi Mbuji. Basi tuko sawa."

Alimtazama pongo kwa muda. Halafu akatoa kisu chake kiunoni, na Erasmo, pamoja na kizunguzungu chake, karibu acheke. Bapa halikuzidi kidole cha shahada. Chuma kilikuwa cheusi, mpini wa mti usiopakwa rangi, umenenepa katikati na kukwaruza kiganja.

"Baba alikuwa mhunzi, alikifua kutokana na tupa iliyochakaa," alisema. "Unajua mvukuto wa mhunzi unatengenezwaje?"

"Kwa ngozi ya mbuzi."

"Ngozi nzima. Haipasuliwi tumbo, hewa isivuje. Nilizichuna nyingi nikiwa binti, na kila niliyoitoboa ilinilaza njaa."

Alimfunga pongo miguu ya nyuma kwa kamba ya gome la myombo, akamtundika kwenye tawi la chini. Alikata kutoka goti hadi goti, basi. Baada ya hapo kisu kilifanya kazi kidogo sana. Alisukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, akavuta kuelekea chini kama anayemvua mtoto fulana, na pale tu ngumi iliposhindwa ndipo ncha ile fupi ilipopita, mara moja, kidole kikiwa mgongoni mwa bapa kikiionyesha njia. Mvua ilimpiga usoni. Mikono ilijaa mafuta, wala mpini haukuteleza. Kila baada ya muda alikinoa kwenye jiwe la mtoni, mara mbili tatu, akaendelea. Erasmo alikuwa amemwona shemeji yake akipima nyama kwa miaka kumi na miwili, wakitaniana juu ya mifupa anayomwongezea. Leo alimtazama kama anayemwona padre altareni. Hakujua kwamba mikono ya mtu anayemfahamu inaweza kumtia hofu nzuri namna ile.

Risasi ilikuwa imepita shingoni, karibu na sikio, kwa hiyo alikata ngozi upande wa mabega, tundu hilo likabaki kichwani. Akaigeuza ngozi manyoya yawe nje, akaifunga upande wa nyuma, shingoni na mguu mmoja wa mbele, ikawa mfuko. Kisha akagusa tundu la tumboni, lile la kisu cha Erasmo.

"Hapa ulitoboa wewe."

"Nisamehe, shemeji."

"Nikate kijiti kwanza, kusamehe baadaye."

Alikusanya ngozi kuzunguka kijiti, akaikaza kwa uzi wa gome. Maji yalikuwa yamefika kwenye nyayo zao. Akaweka mdomoni mguu wa ngozi uliobaki wazi, akapuliza. Alipuliza mpaka macho yakawa mekundu, akapumzika, akapuliza tena. Ngozi ikajaa polepole, ubavu ukavimba, madoa meupe yakatanuka, na pongo akainuka kwenye majani, mnene kuliko alivyokuwa hai. Scolastika akaufunga mguu ule kwa kamba. Erasmo alifanya ishara ya msalaba.

Bunduki waliifunga juu mtini, karibu na nyama. Erasmo akalala kifudifudi juu ya ngozi, akafungwa kifuani. Scolastika akashika fundo la nyuma.

"Ukisikia kitu kinakugusa mguu, usiniambie," alisema, kwa sababu mamba wa Ruhuhu wanajulikana mpaka Lituhi, mto unapoingia ziwani.

Mto uliwachukua kabla hawajaamua. Ukawazungusha, ukawazamisha, ukawatema. Katikati ya kelele zile Erasmo alisikia mlio mwembamba karibu na tumbo lake: hewa ilikuwa inatoka kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe. Alisukuma kiganja hapo, akakandamiza. Mkono ukafa ganzi. Akaomba Salamu Maria, akakosea maneno, akaanza upya. Nyuma yake miguu ya Scolastika ilipiga maji bila kuacha.

Jastini alikimbia nao ukingoni mpaka kwenye kona, mahali mwamba unapoyapunguza maji nguvu. Aliingia mpaka kiunoni akiwa na ufito mrefu. Scolastika aliukosa mara mbili. Mara ya tatu aliushika kwa meno na mkono.

Walilala kwenye matope, wote watatu, wakihema. Jastini aliitazama ngozi, akawatazama wao.

"Kibali kinasema pongo mmoja," alisema hatimaye. "Hakisemi kama ni wa kula au wa kupanda."

Scolastika alicheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akakagua paja. Damu ilikuwa imesimama.

"Zahanati watakushona. Utachechemea, lakini utalima."

Kiganja cha Erasmo kilikuwa bado kimekandamiza lile tundu, na vidole vimekataa kufunguka. Shemeji yake alivifungua kimoja kimoja. Kijiti kikatoka, na hewa ikamtoka pongo taratibu, ikampiga Erasmo usoni. Ilikuwa ya uvuguvugu. Hapo ndipo akaelewa kwamba njia nzima, kutoka ng'ambo hadi hapa, alikuwa amelalia pumzi za Scolastika. Alilia bila kujificha, uso ukiwa kwenye hewa ile, mpaka ikaisha yote.