Gari Lililosahau Taa

Saa nne asubuhi, gari jeupe lilipita kwenye kizuizi cha barabarani. Taa zimezimwa.

Msumari aliliona akiwa kwenye usukani wa Land Cruiser.

"Mkuu, ni lile lile," alisema kwenye redio yake ya Motorola. "Linaelekea darajani."

"Una uhakika?"

"Hata jana nilikuwa na uhakika."



Magari ya waangalizi wa amani huwasha taa mchana kutwa, ili majeshi ya pande zote mbili za mpaka yayatambue. Wasafirisha silaha waliiga rangi na bendera, wakasahau taa. Jana Msumari, jasusi aliyejificha kati ya waangalizi kama dereva wao, aliliacha gari hilo lipite. Mkuu wake wa ujasusi alitaka lifuatwe hadi kwa wenyewe, lakini likawapotea. Lilibeba makombora. Jioni, kombora moja lilimuua Mzee Darubini, mwangalizi mkongwe, kituoni kwao.

Mzee hakuwahi kushika bunduki. "Mwanangu," alizoea kumtania, "kazi yetu macho na kalamu. Hasira waachie wenye nafasi."

Na Msumari alikuwa na macho. Hilo ndilo lililomuuma.

Alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma.

Mia. Mia na ishirini.

Darajani makamanda wa pande mbili walikuwa wameketi kutia saini mkataba wa kusimamisha vita.

Alilipita lile gari, akakata usukani, akaziba barabara. Breki zikalia. Msumari akaruka nje. Dereva alipopeleka mkono kiunoni, bastola ya Msumari, Glock, ilikuwa tayari sikioni mwake.

"Umesahau taa, kaka."

Nyuma kulikuwa na baruti na simu, zimeunganishwa kwa waya mmoja mwekundu. Msumari aliuchomoa. Askari wa daraja wakaja, wakamchukua yule dereva.

Kituoni, kitabu cha doria kilikuwa bado mezani, na kalamu ya Mzee juu yake. Chini ya tarehe ya jana palisomeka kwa mwandiko wa Msumari: *Hakuna kilichoonekana.*

Redio ikakoroma. "Kazi safi, Msumari. Ya jana yaache yalivyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkuu."

Akachukua kalamu ya Mzee, akakata mstari ule.

*Niliona gari jeupe, taa zimezimwa. Nililiacha lipite.*

Akaandika jina lake la kweli, lote, na saa.

"Msumari? Bado uko hapo? Msumari!"

Alizima redio, akavaa miwani yake ya jua, akatoka taratibu kwenda kumsubiri getini mjane wa Mzee, aliyekuwa njiani kuja.