Asiyetajwa Atoke

Saa nane mchana kifaa kilianza kuhesabu pumzi za mtu asiyekuwepo.

Waya alidhani ni hitilafu tu. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani, na kazi yake ilikuwa kumsikiliza mtoto mchanga akiwa usingizini na kupiga king'ora pumzi zikikatika. Pale mezani hapakuwa na mtoto. Palikuwa na kiti cha tatu, kile kisichokaliwa, na kifaa kilikuwa kimekielekea. Kioo kikaandika kumi na mbili kwa dakika. Akakigeuza kimwelekee yeye mwenyewe, kikaandika kumi na nane. Akakirudisha kwenye kiti: kumi na mbili. Mtoto mchanga hapumui polepole hivyo. Hivyo hupumua mtu mzima aliyetulia, asiye na haraka na yeyote.

Jina la Waya alipewa na wenzake mwaka wa kwanza, kwa sababu hakukosa kipande cha waya kwenye nywele. Kifaa kilikuwa chake tangu wazo la kwanza. Dada yake alimzika mtoto wa wiki sita aliyelala vizuri na hakuamka, na sasa alikuwa na mimba nyingine ya miezi minane. Waya alimwahidi kwamba huyu hatalala bila mlinzi.

Walikuwa wakifanyia kazi kwenye jumba la ubunifu la chuo, ukumbi mmoja mkubwa ambamo wahandisi, wauguzi na watu wa biashara walichanganyika, na mashine ya kuchapa maumbo ya plastiki ikinguruma pembeni kutwa. Sheria ya jumba ilikuwa moja na haikuwa na huruma: meza ni ya watu watatu. Kila asubuhi kila mwenye meza atundike kitambulisho chake kwenye msumari. Ikifika saa nne misumari mitatu haijajaa, meza inakwenda kwa kundi lingine, na makundi yaliyosubiri nje yalikuwa mengi.

Wao walikuwa wawili, Waya na Spika. Spika aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake, maana Waya aliunda na Spika akaeleza, na fomu zote alijaza yeye. Ndiye aliyepata dawa ya msumari wa tatu. Alimbuni mtu, akamwandikisha, akamtengenezea kitambulisho chenye picha aliyoichanganya kwenye kompyuta, nusu uso wake na nusu wa Waya. Wakamwita Mpole, kwa kuwa habishi, hachelewi, wala haombi chai. Kila asubuhi Spika alitundika kitambulisho kile, akavuta kiti cha tatu na kuinama kama mhudumu wa hoteli. "Karibu Mpole. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Waya alicheka kila mara. Kwa miezi saba walimkaribisha hivyo.

Baada ya siku ile ya pumzi, Waya hakucheka tena. Ilianza harufu ya udongo uliolowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Kisha kiti cha tatu kikawa na joto, kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Asubuhi moja aliwahi kuliko wote, akakuta kitambulisho cha Mpole kimeshatundikwa. Na kazi ikawa inaendelea wasipokuwepo. Nyaya alizoziacha wazi alizikuta zimeunganishwa, zimefungwa kwa fundo dogo alilofundishwa na marehemu baba yake, fundi redio, fundo ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Alimvuta Spika nyuma ya makabati akamweleza kwa mnong'ono. Spika alisikiliza mpaka mwisho, na kilichomshangaza Waya ni kwamba hakushtuka.

"Anatusaidia," Spika alisema kwa sauti ya chini. "Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba hayupo."

"Mbona kazi yake ipo?"

Wiki hiyo ilikuja kampuni iliyotaka kukinunua kifaa. Waya alikataa katakata. Alitaka kila wodi ya wazazi ipewe mchoro wake bure, na alimwambia Spika asimletee habari hizo tena. Spika akasema sawa, kwa upole usio wa kawaida yake, na Waya akamshukuru moyoni kwa kumwelewa.

Siku ya pili yake umeme ulikatika adhuhuri, wenzao wakatoka nje kutafuta hewa, mashine ikanyamaza, na katika ule ukimya Waya, aliyekuwa chini ya meza akitafuta skrubu, akasikia kiti cha tatu kikilia taratibu kama kinachobeba mtu mzito, akaona miguu miwili iliyovaa viatu kama vyake, akapanda kwa macho kutoka kwenye viatu hadi kwenye magoti, kutoka magotini hadi kwenye mikono iliyokuwa ikifunga fundo la baba yake pasipo kukosea, na juu ya mikono ile ukamtazama uso ambao nusu ulikuwa wa Spika na nusu wake mwenyewe, na ile nusu yake ndiyo iliyokuwa ikitabasamu.

Ni Waya aliyemtafuta mganga. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la chuo, mtu wa miwani na maneno machache. Alikuja Jumapili mchana, jumba likiwa tupu, akiwa na udi na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Aliitazama misumari mitatu kwa muda mrefu.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Mlimwita kwa jina, mkampa kiti. Jini aliyeingia kwa kuandikwa hutoka kwa kufutwa. Nani mkuu wa meza?"

Spika akainua mkono.

"Umeshamfuta kwenye orodha?"

"Nimefanya yote," Spika akajibu, simu mkononi.

Mganga akawasha udi. Akaeleza kwamba mkuu wa meza atawataja walioandikwa, na asiyetajwa atatoka asirudi, si mezani tu, hata midomoni mwa watu. Akamwonya asome kilichopo, maana akidanganya, jini atamwingia yeye. Moshi ukatanda. Waya alishusha pumzi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akasubiri kusikia majina mawili.

"Mimi," Spika alisoma. "Kaka yangu." Akasogeza kidole kwenye simu. "Na Mpole."

Waya alidhani amesikia vibaya. Huyo kaka hakuwahi kukanyaga pale. Kisha akaelewa yote kwa pamoja: zile fomu, ule upole, kampuni. Kampuni ilitaka saini za watu watatu, na Mpole habishi. Waya mwenyewe alikuwa ameshafutwa zamani. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo aliivaa miaka mitatu akiiita rafiki.

"Asiyetajwa atoke," mganga akasema.

Waya alipaza sauti, na sauti haikufika popote. Mganga akatoa kitambulisho cha Waya kwenye msumari, akakigeuza huku na huku. "Hiki cha nani?"

Spika akainua macho. Yalikutana na ya Waya sawasawa. Alimwona, na hilo ndilo lililomchoma Waya kuliko moshi wala jini.

"Simjui," Spika akasema.

Kwenye kiti cha tatu, kifaa kikaandika kumi na mbili.

Dada yake Waya alijifungua salama. Kifaa cha kwanza kabisa, cha majaribio, kilikuwa nyumbani kwake, na hakukumbuka alikipata wapi. Alikiweka karibu na kitanda cha mtoto. Kilipoelekea kwa mtoto kiliandika arobaini, naye akalala kwa amani. Usiku wa tano kiliteleza kikaelekea kwenye kigoda kitupu kilichokuwa pembeni, kikaandika kumi na nane.

Alivumilia siku mbili, kisha akampigia simu mganga aliyeelekezwa na jirani, yule yule dereva mstaafu.

Mganga aliwasha udi katikati ya chumba, akamwambia mama wa nyumba awataje watu wake wote. Akamtaja mume wake. Akamtaja mtoto. Akajitaja mwenyewe.

"Kuna mwingine?"

Dada alisita. Alikitazama kifaa, lile fundo dogo kwenye waya wake, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Waya alikuwa amepiga magoti mbele yake, mdomo karibu na sikio lake, akiita dada, dada, dada.

"Hapana," dada akasema. "Ni hao tu."