Siku Mbili za Kunyamaza

"Bibi, acha kukanda. Haji."

Mjukuu wangu Nevena alisimama mlangoni mwa jiko, simu mkononi. Mimi nilikuwa na unga hadi kwenye viwiko, nikiandaa maandazi ya jamu, maana kesho yake, Jumamosi, Tripo alikuwa aje kumposa. Nikamwambia anisomee, sikuwa na miwani.

"Meli imepata hitilafu. Hatuingii Kotor, tunakwenda moja kwa moja Trieste. Siwezi kueleza. Nisamehe, roho yangu."

"Hitilafu gani?"

"Hasemi. Fundi wa injini, Bibi, anashindwa kusema injini ina nini?"

Nilinawa mikono polepole ili nipate la kumwambia.

Tripo ni kijana wa hapa hapa Prčanj, nyumba ya tano kutoka kwetu. Anafanya kazi kwenye Ondina, meli ya watalii elfu mbili, ambayo wakati wa kiangazi huingia ghuba yetu ya Kotor kila baada ya wiki mbili. Ikitia nanga yeye hupewa saa nane za kushuka, na mapenzi yao yote yaliishi ndani ya hizo saa nane. Mara ya kwanza alipotaja siku ya posa, mwenzake wa zamu aliugua, ikabidi Tripo abaki chini mashineni. Mara ya pili upepo uliizuia meli isiingie. Kwetu Boka, huku ghubani, mwanaume akitaja siku, meza huandikwa na wazee hukaa. Asipotokea, meza huondolewa na habari imekwisha. Baba yake Nevena, mwanangu Krsto, alikuwa amevumilia mara mbili. Hii ya tatu alisema ndiyo ya mwisho.

Na Krsto hakuwahi kumtaka mkwe wa baharini. Yeye mwenyewe alisafiri miaka kumi na saba, na mkewe, Mungu amrehemu, alimzaa Nevena yeye akiwa pwani ya Brazili. Siku hizi ni rubani wa bandari. Hupanda meli kubwa mdomoni mwa ghuba na kuziongoza hadi ndani. Kila jioni analala kwake, na hilo ndilo alilomwombea binti yake.

Jioni ile Nevena alipiga simu, akaiweka mezani ili na mimi nisikie.

"Tripo, niambie ukweli tu. Ni nini kimeharibika?"

"Tumekatazwa kusema, Nevena. Kampuni ndiyo itakayotangaza."

"Mimi ni abiria wako?"

Tulisikia mashine zikinguruma nyuma yake.

"Basi nijibu hili. Kulikuwa na njia yoyote ya wewe kufika hapa kesho?"

Nilimwombea adanganye. Nasema kweli, nilimwombea.

"Ilikuwepo," akasema.

Nevena akakata simu, kisha akamfungia asiweze kupiga wala kuandika. Hakulia. Alisoma mtandaoni yale abiria waliyokuwa wakiyaandika kutoka melini, akinisomea kwa sauti kavu. Kwamba meli inajikokota lakini taa zinawaka, muziki unapigwa na nyama inachomwa. Kwamba wamelipia Kotor na Dubrovnik, wanaonyeshwa maji matupu. Kwamba hakuna ubovu wowote, kampuni inabana mafuta tu.

"Unaona, Bibi? Meli ni nzima, haijaharibika. Kilichoharibika ni posa yangu peke yake."

Jumamosi asubuhi, kabla Krsto hajatoka kwenda kazini, aliondoa kitambaa cha meza mwenyewe, akakikunja mara nne. Kisha akatia kwenye mfuko sweta ya Tripo na vitabu vyake, akavipeleka kwa mama wa Tripo. Mama Tripo hakumwuliza kitu. Alipokea mfuko, akamjazia sahani ya tini mbichi, akamsindikiza hadi barabarani. Mwanamke yule ana moyo.

Mchana Krsto akarudi kutoka kazini. Nikampakulia supu. Mwanangu hula supu kwa kelele tangu utoto, nami nimeshachoka kumkanya. Siku hiyo alikula kimya, na nusu ya bakuli akasukuma kando.

"Nahodha wa Ondina alinipigia jana asubuhi," akasema, "kufuta kazi ya leo."

Nevena aliendelea kuosha vyombo.

Krsto akaeleza aliyoambiwa na nahodha. Meli ile ina rafadha mbili, yale mapanga makubwa ya chini yanayoisukuma, na kila moja ina mhimili wake unaozunguka ndani ya beringi, kile chuma kinachoubeba. Alfajiri ya Ijumaa, baada ya kutoka Corfu, kulikutwa chembe za chuma ndani ya oili ya mhimili wa kulia, dalili kwamba beringi inajila. Wakaizima rafadha hiyo. Kwa moja iliyobaki meli haikuweza kupita Kotor na Dubrovnik na bado kufika Trieste Jumapili, na abiria wana ndege zao pale. Nahodha akaikata safari.

"Aliyeziona zile chembe ni Tripo," akasema.

Bomba likafungwa.

"Mkubwa wake alimwambia oili inaweza kusubiri siku mbili. Waingie Kotor, waingie Dubrovnik, wakifika Trieste ndiyo aandike. Wenzake hawakuwa wabaya, wote walijua kijana ana posa. Walitaka kumpa siku yake. Alitakiwa kunyamaza tu. Akapanda juu kwa nahodha na chupa ya oili mkononi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Kwamba kati yako na beringi alichagua beringi?" Krsto alikizungusha kijiko mezani. "Nimepitisha meli pale Verige miaka kumi na mbili. Ule mlango wa bahari ni mwembamba, mtu wa ng'ambo anamwona mwenzake akianika nguo. Mhimili ukikwama pale, meli inageuka na kuvaa nyumba za watu. Na aliyekuwa aiongoze leo ni mimi."

Nevena akajifuta mikono.

"Umelijua hili tangu jana asubuhi, baba?"

"Tangu jana asubuhi."

"Ukaniona nakunja kitambaa."

"Nikakuona. Ningekaa kimya siku moja tu zaidi, mambo yangejimaliza yenyewe, nami ningepata nilichotaka." Aliinua macho. "Nimeshindwa kunyamaza, mwanangu. Kijana mdogo amesema linalomgharimu, mimi kwa kunyamaza nimeshindwa hata kumaliza supu."

Nevena alikwenda nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani, akauacha hapo. Baadaye alimfungulia Tripo simu, akapiga mara sita. Haikupatikana. Alikuwa chini mashineni.

"Kesho sina zamu," Krsto akasema. "Trieste ni mwendo wa saa kumi na moja. Mama, yale maandazi yamebaki?"

Tulifika Trieste, kule Italia, Jumapili, jua likiwa bado juu. Meli ilikuwa imesogezwa kwenye karakana ya meli, lakini abiria wengi walikuwa bado kwenye vivuli vya ukuta, wamekalia masanduku, wakingoja mabasi. Walikuwa wakigombana na msichana mmoja wa kampuni mwenye karatasi, naye alikuwa amekauka midomo. Nilimpa maji kwanza. Kisha nikakaa karibu na mama mmoja Mcheki wa umri wangu, nikamfungulia mkebe wa maandazi. Nevena alitutafsiria. Mama yule aliwahi kuja Kotor na marehemu mumewe walipooana, alitaka kuiona tena kabla hajafa, na hakuiona.

"Umekasirika?" nikamwuliza.

"Sana," akasema, akichukua andazi la pili. "Lakini nimefika nikiwa mkavu."

Nilimwandikia anwani yangu. Nikamwambia aje kwa basi, chumba kipo.

Mlinzi wa lango alimpigia simu Tripo, akamwambia kuna wazee wa kwake. Alitokea na ovaroli, uso mweusi kwa oili, macho mekundu ya mtu aliyekesha siku mbili. Alipomwona Krsto akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, baba mkwe... shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkwe bado," Krsto akasema. "Na usinitazame hivyo, sikuendesha saa kumi na moja nije kukupiga. Ningekupiga kwa simu."

Tripo hakucheka. Alikuwa akimtazama Nevena.

"Nilikuambia ilikuwepo njia," akasema. "Sikuweza kukudanganya, na sikuweza kukueleza."

"Baba amenieleza."

"Mkubwa wangu hanisemeshi. Huenda mkataba wangu usirudiwe. Na nimekukosesha siku yako mbele ya ndugu zako. Sijui nikuombe msamaha kwa lipi kwanza."

Nevena alikuwa amevaa lile gauni la posa, limejikunja kwa safari. Alimsogelea hadi karibu.

"Nina swali moja. Ungeziona zile chembe siku ya harusi yetu, mimi nimeshavaa, watu wamekaa. Ungesema?"

Tripo alifikiri. Nilipenda kwamba alifikiri.

"Ningesema."

"Hata kama mimi nisingekusamehe?"

"Ungekuwa na haki yako. Ningesema tu."

Mwanangu Krsto akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia kanisani, akaitazama meli. Yule mama Mcheki aliacha kutafuna.

"Basi wazee ndio hawa, wamekaa," Nevena akasema. "Niulize."

Akamwuliza pale pale langoni, na oili yake, mbele ya mlinzi na watu wenye masanduku. Nevena akasema ndiyo kabla hajamaliza. Meli ilihitaji siku kumi na tisa za matengenezo. Sisi harusi ilituchukua kumi na nne.