Chipu Iliyotoka kwenye Jeep ya Jean-Paul

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Yvette alifungua boneti ya jeep iliyolala katika garaji yake ndogo mjini Kasongo, akakuta chipu haipo. Kisanduku hicho cha umeme alikifunga mwenyewe siku tisa zilizopita, ili injini ile ya zamani ipate nguvu ya kupanda vilima vya Salamabila na mzigo.

Saa moja mwenye gari, Jean-Paul, alikuwa uani. Dereva wake, mzee Théophile, alisimama getini, kofia mkononi.

"Umeiuza!" Jean-Paul alifoka mbele ya majirani. "Nani mwingine anajua kuifungua? Leo Kasongo nzima itajua fundi wangu ni mwizi."

Yvette alirudi kwenye injini, akakagua nyaya. Bibi yake, Sidonie, alimpa Jean-Paul kikombe cha chai, kisha akainama kwenye injini.

"Gari inawaka?"

"Inawaka, Koko. Aliyeitoa chipu alirudisha plagi ya zamani vizuri," Yvette alimjibu bibi yake.

"Basi hakutaka watu wakwame njiani."

Ncha za betri ziling'aa wekundu. Sidonie akanusa: mawese. Akamnong'oneza mjukuu wake, "Unapakaga hii?"

"Hapana. Mi natumia grisi tu. Aliyetoa chipu alifungua betri kwanza, akapaka hii akiirudisha."

Majirani walimnyooshea kidole Bulaimu, mwenye pikipiki ya abiria. Jana saa kumi na moja jioni alionekana hapo, na kila mtu alijua jeep imemnyang'anya wateja.

"Nilikuja kuweka hewa mu pneu ya pikipiki!" Bulaimu alilalamika. "Kisanduku nitafunga wapi, mu kofia?"

Watu wakacheka. Sidonie alileta betri kuukuu kutoka kona ya garaji.

"Kila mutu apake hii kama anavyopaka yake."

Bulaimu alichota grisi kwenye kopo. Jean-Paul alisema hajawahi kugusa betri. Théophile, bila kufikiri, akatoa kichupa mfukoni na kupaka. Mafuta mekundu. Mkono wake ukasimama hapo hapo.

"Wakati wa vita grisi haikuwepo," alisema polepole. "Nilizoea."

"Chipu iko wapi, Théophile?" Sidonie aliuliza kwa upole.

Mzee akaitoa kwenye koti, imeviringishwa katika kitambaa safi kama yai.

"Miaka ishirini napandisha hii gari Salamabila. Sasa tukifika juu, abiria wanapigia kisanduku makofi. Mimi hawanioni."

"Na mimi ukaniacha niitwe mwizi, baba?" Yvette aliuliza.

Mzee aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mutoto wangu."

Yvette alikipokea kisanduku. "Hiki kinaongezea injini mazutu ya kuchoma tu. Njia hakiijui. Mu matope ya Lusangi, ni mikono yako inatutoa."

Jean-Paul alimsogelea. "Pole, Yvette," alisema chini chini.

"Mwizi ulimwita mbele ya watu," Sidonie alisema. "Pole unampa sikioni?"

Jean-Paul akatoka hadi barabarani. "Yvette si mwizi!" akapaza sauti. "Ni fundi wangu, na kama yeye hakuna hapa Kasongo!"

Yvette alikuwa ameshainamia injini, ufunguo wa nati mkononi. Hakugeuka, lakini Sidonie aliona shingo yake ikinyooka.