Gari la Ukoo Juu ya Mshikaki

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nasema lifunueni, na huyo mwanaharamu mpeni kiti akae aone. Nisikilizeni kwanza, jamaa zangu wa Upareni, kisha mnihukumu.

Ukoo wetu una gari jeupe la zamani, Pijo 404, aliloliacha babu. Kila Desemba ndugu wa Dar wanapopanda Mbaga kula sikukuu, hulikuta uani linang'aa, kuku wakijitazama kwenye milango yake. Bibi harusi wa kwetu hashuki mlimani kwenda kanisani Same kwa gari jingine. Baba mkubwa Aminieli ndiye mtunzaji: kabla wageni hawajafika, hulipaka rangi juu na lami chini. Tuliishi kwa amani na gari letu.

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya dada yangu Devotha, baba mkubwa alilileta gereji kwa Hezroni, ninapofanya kazi tangu nimalize diploma ya ufundi magari.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, fundi wetu. Pigeni rangi tu. Chini msiguse, nimeshapashughulikia mwenyewe."

Jamani, nani humwambia fundi asiguse chini? Neno lile lilinikaa kama mwiba wa perege kooni. Alipoondoka nililala uvunguni, nikaidunga ile lami kwa bisibisi. Ilizama hadi mpini.

"Hezroni," nikasema, "hili tulipandishe mshikaki."

Mshikaki wa gari hauchomwi, msomaji. Tulishusha injini na giaboksi, tukang'oa viti, milango na vioo. Tulichomelea vyuma vya kukingama penye nafasi za milango, bodi isije ikajipinda. Kisha tukasimamisha miguu miwili ya mabomba, mmoja mbele, mmoja nyuma, tukalishika gari ncha zote mbili ili lizunguke kama nyama juu ya moto. Mara ya kwanza lilikataa. Tuliligeuza, likajirudisha lenyewe kwa kishindo. Tukapandisha kidogo mahali pa kulishikia, tukajaribu, tukapandisha tena. Mwishowe nilikuwa naligeuza kwa mkono mmoja.

Watu wakajaa. Akina mama wauza tangawizi waliacha magunia yao. Loishiye, mfugaji wa tambarare aliyekuja kuchomelewa rimu ya pikipiki, akaguna: "Ng'ombe akilala hivi kwetu tunaleta visu."

Bibi yangu Koleta naye alikuwepo, ameshuka kliniki ya mguu. Mguu huo ulivunjika mwaka juzi, nikiwa chuoni. Nyumbani waliniambia ameteleza bafuni.

Nikaanza kukwangua. Lami ilitoka na vipande vya gunia, pati ya kuzibia mashimo, bati la debe la mafuta. Chini ya kiti cha nyuma, anapokaa bibi harusi, hapakuwa na chuma. Palikuwa na tundu ambamo ndoo ingepita.

Hapo baba mkubwa akafika.

"Ligeuzeni upesi! Watu wanaona!"

"Shikamoo, baba mkubwa. Tundu hili limetokana na nini?"

"Kutu tu! Mtoto gani wewe unauvua ukoo nguo barabarani?"

Bibi Koleta akainuka, akachechemea hadi kwenye gari, akaingiza fimbo yake tunduni.

"Mjukuu wangu," akasema, "hili ndilo bafu nililotelezea."

Akaichomoa fimbo, akaendelea:

"Kona ya pili kutoka nyumbani sakafu iliachia, mguu ukaburutwa na barabara. Aminieli akanisihi nisiseme, ndugu wa Dar wasituone maskini. Nikanyamaza. Na leo unamkalisha Devotha hapohapo, Aminieli?"

Baba mkubwa alitazama chini.

Gari halikwenda harusini. Lilibaki juu ya mshikaki, tukikata bati bovu na kuchomelea jipya. Devotha alishuka kwa pikapu ya tangawizi, shela limefungwa kwa kamba, akinukia kama chai, na akafika kanisani na miguu yake yote miwili.

FUNZO

Kutu haili juu, huanzia tulipokataza watu kutazama. Nyumba inayopaka rangi kila Desemba na kuwafundisha wazee wake kusema uongo juu ya mifupa yao haijatunza heshima, imetunza tundu. Ligeuzeni lenu, mchana, watu wakiwepo, kabla mwana wenu hajalikalia.

Sasa baba mkubwa ameitisha kikao cha ukoo. Anataka nilete dengelua, pombe yetu ya miwa, nipige magoti, niombe radhi kwa kuwaaibisha.

Dengelua nitaleta, bibi anaipenda. Radhi siombi.