Kadi za Adeke Motoni

"Mama! Unafanya nini?!"

Benedetta hakugeuka. Alichukua kadi nyingine, akaitia motoni.

Kadi za harusi ya bintiye, jamani!

Wadau, huyo binti ni shangazi yangu Adeke, kule Malaba, miaka ya tisini, kabla hamjaanza kualikana kwa simu. Kuchapisha kadi ilikuwa mpaka Kisumu, basi akazitengeneza mwenyewe. Mchana anauza mitumba karibu na mpaka. Jioni anakata karatasi za manila kwa wembe, anabandika lesi kwa gundi ya unga wa muhogo, anaandika kila moja kwa mkono. Vidole vilikuwa vimechubuka, mgongo ndio usiseme.

Alitaka kupiga kelele zaidi, lakini nguvu hakuna. Akajiketia kwenye kigoda.

"Mama, humtaki Echodu?"

"Echodu hana makosa."

"Sasa?"

"Umeandika 'Mzee Ikapel na mkewe'. Mke gani?"

"Si wewe!"

"Mimi sijaolewa, Adeke. Papa yako hajawahi kupeleka hata ng'ombe mmoja kwetu."

Heee...!

Kama hukukulia kwetu, sikiza. Baba ambaye hajamlipia mama mahari hana ruhusa ya kupokea ng'ombe wa binti. Na ng'ombe wa Echodu walikuwa njiani wiki hiyo hiyo! Ndugu za Benedetta walikuwa wamenyamaza miaka yote. Sasa mtu anawaandikia "mkewe"?

"Choma tu," Adeke akasema. "Lakini moja imeshaenda Kocholia."

"Kwa nani?!"

"Kwa wajomba. Si kadi ya kwanza huwa yao?"

Benedetta akaziacha zilizobaki, akajishika kichwa.

Kesho yake asubuhi mjomba Otukei akaingia na baiskeli. Hata chai alikataa. Aliitupa ile kadi mezani, mbele ya Mzee Ikapel.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, mjomba."

"Umeandika vizuri sana. Lakini harusi hakuna!"



Adeke akamtazama babake. Mzee alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Papa, sema kitu."

Mzee akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Papa, mimi nimechoka! Nimekata makaratasi mpaka vidole vimeisha. Mama amechoka kuliko mimi. Amekupikia miaka yote kama mgeni. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilisema nitapeleka baada ya mavuno," mzee akajibu polepole. "Mavuno yakapita. Halafu baba mkwe wangu akafa, nikaona aibu kufika. Aibu yenyewe ikazeeka na mimi."

Akainuka, akatoka. Adeke akajua ndiyo basi, mzee amekimbia.

Kumbe!

Walisikia kengele za ng'ombe, wakatoka nje. Mzee Ikapel alikuwa anawaleta mafahali wake wa kulimia, wote, na msimu wa kulima ulikuwa umefika mlangoni.

"Shemeji, hawa ndio ninao. Wengine nitaleta. Twende, nitembee nao mwenyewe mpaka Kocholia watu wanione."

"Utalima na nini?" Otukei akauliza.

"Na jembe la mkono."

Benedetta akalia. Si kwa sauti, alilia tu kama mtu anayetua mzigo.

Otukei alirudi mezani, akaiokota ile kadi, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, akaitia mfukoni.

"Hii sasa ni ya ukweli," akasema. "Tutakuja."

Wanaume walipoondoka na ng'ombe, Adeke alilaza kichwa mezani. Nusu ya kadi ni majivu, na harusi ndiyo hiyo inakuja! Akasikia kitu kimewekwa karibu naye. Manila. Wembe.

"Nionyeshe mahali pa kukata," Benedetta akasema. "Na zote uandike vile vile. 'Na mkewe.'"

Wadau, kabla hujaandika majina ya wazazi kwenye kadi yako nzuri, kaa nao kwanza uwaulize. Kuna mama pengine bado anangoja harusi yake.