Mkono Usio na Mapigo

"Urembo wako unatutesa jengo zima," Bi Mwanakombo alisema, naye ameshavuka kizingiti cha jirani bila hata hodi.

Salha, binti aliyehamia karibuni ghorofani hapo Chumbageni, hakuweza kuinuka kitini. Mirija miwili ilimtoka shingoni: mmoja ukichukua damu, mwingine ukiirudisha. Katikati yake kilivuma kichujadamu, chombo chenye chembe zinazonasa kilicho kibaya na kuachia kilicho chema. Kikifanya kazi, ubongo wa jengo, kompyuta inayogawa umeme, hukipa umeme wa lifti. Na leo wakwe watarajiwa wa Bi Mwanakombo, waliokuja kumposa bintiye, walikuwa wanapanda ngazi kwa miguu, bibi yao akitweta kila ghorofa.

Salha akamweleza taratibu kuwa hii ni tiba. Bi Mwanakombo akaguna. Jengo zima lilijua, na aliyelijulisha ni Bi Mwanakombo mwenyewe, kwamba binti yule anachuja uzee.

"Mgonjwa gani anang'aa hivyo?" Akazima swichi.

Mvumo ukakatika. Damu ikasimama mirijani. Akawasha tena haraka, chombo kimya. Umeme ulikwishapelekwa kwenye lifti.

"Kishikio," Salha alinong'ona. "Hapo ubavuni. Zungusha. Damu ikiganda, nimekwisha."

Bi Mwanakombo akazungusha kama anayesaga mahindi. Kwa mkono wa pili akamshika Salha kifundo cha mkono. Hakuna mapigo. Akakamata kile kingine. Hakuna. Nimeua mtoto wa watu, akawaza.

"Usiache, mama," Salha akasema, macho kafumba. "Mikono yangu haina mapigo tangu mwaka juzi. Mwili unajishambulia wenyewe, mishipa mikubwa itokayo moyoni imevimba, njia imebana. Ikiziba ya kichwani, nitapofuka. Gusa shingo."

Akagusa. Kitu kikadunda, kwa mbali. Akaendelea kuzungusha, machozi na jasho havijulikani, mpaka damu yote ikarudi kwa mwenyewe.

Ng'ambo ya ukuta vigelegele vikapasuka: wakwe wamefika. Bi Mwanakombo, kwa aibu, akamsihi waende wote, nyumba imejaa watu, atamtambulisha yeye mwenyewe.

Salha akatikisa kichwa. Chembe zile, alisema, hunasa kibaya pamoja na kinga. Kila akichujwa hukaa wiki nzima bila kuonana na watu. Mafua ya mtu mmoja yanatosha kumzika.

Bi Mwanakombo akarudi nyuma kuelekea mlangoni, kaziba mdomo kwa kanga.

"Wewe umeshaingia," Salha akasema. "Nawa mikono, ukae pale dirishani. Kuna mihogo ya nazi. Karibu tule."